Gitaa Lenye Mafua

Mke wangu hajui noti hata moja ya muziki, lakini ndiye aliyetambua ugonjwa wa gitaa langu. Ilikuwa Jumapili jioni, hapa kwetu karibu na Fort Worth, Texas. Mimi nilikuwa gereji nikifanya mazoezi, yeye jikoni akikaanga maandazi, na mlango wa katikati ulikuwa wazi.

"Baba Neema," akaita, "hilo gitaa lina mafua."

Nilinuna, kwa sababu alisema kweli. Kwa miezi mitatu nilikuwa nikisikia jambo hilohilo na kulisingizia nyuzi, waya, hata unyevu wa hewa. Noti za juu zilikuwa zikitokea puani.

Gitaa lenyewe si lile la kupakata. Linaitwa stili ya pedali, nalo husimama kwa miguu minne kama meza nyembamba. Langu lina nyuzi kumi. Mkono wa kushoto huburuta kipande cha chuma juu ya nyuzi, na vidole vya mkono wa kulia hudonoa vikiwa vimevaa kucha za bandia. Mguu wa kushoto hukanyaga pedali zinazovuta nyuzi na kupandisha noti, magoti husukuma leva kwa pembeni, na mguu wa kulia haubanduki kwenye pedali ya kupunguza na kuongeza sauti. Nilipomtumia mjomba wangu wa Nakuru video nikipiga, aliniuliza nimeanza lini ushonaji.

Asili yake ni visiwa vya Hawaii. Anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wa kuburuta chuma juu ya nyuzi ni Joseph Kekuku, kijana wa kisiwa cha Oahu, mwishoni mwa karne ya 19. Pedali zilipata umaarufu mwaka 1954, wakati Bud Isaacs alipozifikisha masikioni mwa Marekani nzima katika wimbo "Slowly" wa Webb Pierce. Tangu hapo, muziki wa kantri bila stili ni kama pilau bila bizari. Lakini si kantri pekee: katika wimbo "Graceland" wa Paul Simon, wa mwaka 1986, anayelia kwa stili ni Mnigeria, Demola Adepoju.

Nimesema "anayelia" kwa makusudi. Stili hukaribia sana sauti ya mtu, na kama mtu, ina koo na ina pua.

Kuchambua mchele

Sauti ni mtetemo, na hezi moja ni mtetemo mmoja kwa sekunde. Uzi wangu mzito kuliko wote, ukiachwa wazi, hutetema kama mara 123 kwa sekunde. Uzi wa tatu, ule mwembamba unaokatika kila mara, hutetema mara 415. Nikiweka chuma juu ya mstari wa kumi na mbili kati ya ile iliyochorwa chini ya nyuzi, masafa ya kila uzi huwa maradufu, kwa hiyo uzi wa tatu unafika 830. Shika namba hiyo, nitairudia.

Ekwalaiza ni kifaa cha kuongeza au kupunguza sehemu fulani ya masafa hayo. Redio ya nyumbani ina vitufe viwili, besi na trebo. Kama sahani ya mchele ina jiwe, besi na trebo hukupa njia moja tu, kumwaga nusu ya sahani. Ekwalaiza ya vitelezi, ile ambayo wengi tumeiona ikimetameta ndani ya matatu, inagawa sahani mafungu. GE-7 ya Boss, kwa mfano, ina mafungu saba: hezi 100, 200, 400, 800, 1,600, 3,200 na 6,400. Jiwe likiwa katikati ya mafungu mawili, utabeba na mchele usio na kosa.

Ekwalaiza parametriki ndiyo vidole vya mama anayechambua mchele. Jina hilo lilijulikana mwaka 1972, mhandisi wa sauti George Massenburg alipowasilisha andiko lake mbele ya Audio Engineering Society. Ina maswali matatu, na kila swali lina kitufe chake. Wapi? Hapo unachagua masafa. Kiasi gani? Hapo unapandisha au kushusha, kwa desibeli. Upana gani? Hapo unaamua ukate kwa kisu au kwa jembe. Kitufe hiki cha tatu huandikwa herufi Q: Q kubwa ni kisu, Q ndogo ni jembe.

Mia nane ya watu wengine

Ukiingia kwenye kundi lolote la wapiga stili na kulalamika kuhusu pua, utajibiwa kabla hujamaliza sentensi: kata mia nane. Ushauri huo una msingi. Peavey, kampuni ya Meridian, Mississippi, iliwatengenezea wapiga stili amplifaya ya Nashville 400 yenye kitufe cha sauti za kati na kingine cha kuhamisha masafa yake, na wengi wamezoea kupunguza hapo karibu na hezi 800. Kwa hiyo kabla hujafungua pochi, chungulia amplifaya yako. Huenda nusu ya unachotaka kununua tayari unacho.

Yangu ni ya valvu, ina besi, kati na trebo basi. Nikanunua ekwalaiza parametriki iliyotumika, ya umbo la pedali, nikaielekeza 800, nikakaza Q hadi ikawa kisu, nikashusha desibeli 12. Jumamosi nikaenda nayo kwenye dansi. Wimbo wa pili nikapewa nafasi yangu, nikapanda hadi mstari wa kumi na mbili, nikadonoa uzi wa tatu. Noti ikatoka nyembamba kama sauti ya mtu aliye chumba cha pili. Nikakandamiza pedali ya sauti kwa mguu wa kulia nikidhani nimesahau kuongeza sauti. Wapi!

Unakumbuka 830? Nilikuwa nimechimba shimo karibu kabisa na noti yangu mwenyewe. Na mafua yalikuwa palepale.

Mganga wa jikoni

Jumapili iliyofuata nilifanya nilichopaswa kufanya kabla ya kununua chochote. Nilipunguza sauti ya amplifaya kwanza, kwa sababu ukipandisha desibeli 10 unadai nguvu mara kumi pale ulipopandisha, na masikio hayana spea. Kisha nikakaza Q, nikapandisha badala ya kushusha, nikawa napiga kodi moja, yaani noti kadhaa kwa pamoja, huku nikizungusha kitufe cha masafa polepole kutoka 500 kwenda juu. Nia ni kuufanya ugonjwa uwe mkubwa hadi ujisaliti.

Kwenye mia nane, jikoni kukawa kimya. Mia tisa, kimya. Nilipopita elfu moja kidogo, mwiko ukagongwa kwenye sufuria.

"Hapo! Hapo ndipo panaponikera."

Kitufe kilikuwa karibu na 1,100, katikati ya 800 na 1,600, mahali ambapo vile vitelezi saba visingefika. Nikalegeza Q ikawa pana kiasi, nikashusha desibeli 4 tu. Mafua yakaisha, na uzi wa tatu ukarudi nyumbani. Siku zote tatizo halikuwa 800. Hiyo ilikuwa namba ya gitaa la mtu mwingine, spika ya mtu mwingine na chumba kingine.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue pedali ipi, namuuliza kwanza kero yake iko wapi. Akishajua, kuchagua ni kazi fupi. Ahakikishe kitufe cha Q kipo kweli, maana pedali nyingi hubandikwa neno parametriki huku zikiwa na masafa na kiasi tu. ParaEq ya Empress, kwa mfano, ina bendi tatu na kila moja ina swichi ya upana yenye hatua tatu. Ahakikishe bendi zinafika kero yake ilipo. Aijaribu kwa kudonoa kwa nguvu, kwa sababu pikapu za stili, yaani vinasa mtetemo vya chini ya nyuzi (si zile za kubebea mkaa), hutoa umeme mwingi, na pedali dhaifu ya volti 9 inaweza kukwaruza mahali ambapo ya volti 18 inapumua. Aisikilize pia ikiwa imewashwa bila kupiga chochote: ikivuma hapo dukani, ukumbini itavuma zaidi.

Na asiitarajie kutibu kila kitu. Mngurumo wa umeme wa hapa Marekani, ambao ni wa hezi 60, hujirudia kwenye 120. Uzi wangu mzito uko 123. Nikiukata mngurumo, naukata na uzi. Ningekuwa Nakuru, kwenye umeme wa hezi 50, mngurumo huo ungeangukia 100, nami ningepata kijinafasi cha kupitisha kisu. Dawa yake hapa ni pikapu nyingine, na hiyo ni safari nyingine ya dukani.

Ukumbi tunaopiga Jumamosi una kuta za mabati, na huko kero husogea. Kila nikimaliza kufunga waya, narudia ile safari ya kitufe kwa dakika mbili, namwomba mpiga besi asimame mbali na aninyooshee mkono akikereka. Juu ya pedali nimebandika kipande cha utepe mweupe. Wenzangu walitarajia niandike namba. Nimeandika "mafua", na kwa mpiga ngoma, Mtexas asiyejua Kiswahili, sasa ndilo neno analolitumia kuniambia nirekebishe.