Dereva, tazama nyuma kabla ya kufungua mlango

Ilikuwa yapata saa kumi na mbili unusu asubuhi, Mumias South Road, mtaani Buruburu jijini Nairobi. Nilikuwa nimeegesha gari kando ya barabara ili ninunue maziwa kwenye kioski kabla ya kumpeleka mtoto shuleni. Nilizima injini, nikachukua mkoba, nikafungua mlango. Sikutazama nyuma.

Kishindo nilichosikia hunijia mpaka leo nikilala. Mwanamume wa makamo aliyekuwa akiendesha baiskeli ya Black Mamba, na kreti mbili za mkate zikiwa zimefungwa kwenye keria kwa mipira, aliugonga ukingo wa mlango kwa bega akarushwa katikati ya barabara. Matatu iliyokuwa ikimfuata ilifunga breki na kusimama hatua chache tu kutoka kichwani pake. Mikate ilitapakaa kote. Makanga alishuka, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, na akaniambia neno ambalo mhariri wangu hawezi kulichapisha.

"Pole, mzee wangu. Sikukuona," nikamwambia.

"Hukutazama, madam," akanijibu huku ameushika mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Hospitalini tuliambiwa kwamba alikuwa amevunjika mtulinga na asibebe kitu kizito kwa muda wa wiki sita. Gharama ya matibabu niliilipa, na mikate pia. Lakini mtu huyu hulipwa kwa kila mkate anaoufikisha dukani, na siku asiyotoka hapati hata ndururu. Wiki ya kwanza, mwanawe wa Kidato cha Tatu alichukua baiskeli hiyo akawa anasambaza mikate alfajiri kabla ya kwenda darasani. Niliposikia hivyo nilikosa usingizi upya. Kijana huyo alikuwa akipita kando ya magari yale yale yenye madereva kama mimi.

Msomaji, mimi nimelelewa na baiskeli. Babangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na kila asubuhi aliipanda Black Mamba yake, suruali ameibana kwa vibanio vya nguo isinaswe na mnyororo. Nilijifunza kuiendesha nikiwa nimeupitisha mguu chini ya mtaimbo, kwa kuwa sikufikia kiti. Hata hivyo, tangu nilipopata leseni na gari la mitumba, baiskeli zilitoweka machoni pangu. Zilikuwepo, ila mimi nilikuwa nikitafuta magari tu.

Si ajabu kwamba wengi wetu tumezisahau. Neno bodaboda, ambalo leo lina maana ya pikipiki, lilizaliwa na baiskeli zilizokuwa zikiwavusha abiria kati ya vituo vya mpaka wa Kenya na Uganda huko Busia na Malaba. Baiskeli hizo zilienea hadi Kisumu, Kakamega, na miji mingine mingi, zikiwa na mto wa sponji juu ya keria. Kisha mwaka wa 2008 serikali ikaondoa kodi ya ziada ya thamani kwa pikipiki zilizo chini ya sisi 250, na kufumba na kufumbua pikipiki zikatwaa kazi ile. Hata hivyo baiskeli haijafa. Ndiyo inayobeba maziwa, mkaa, mitungi ya maji, na mkate wako wa asubuhi.

Mzee wa mkate alipoanza kupata nafuu, nilimwomba ruhusa niiendeshe baiskeli yake, bila mzigo, nione anachokiona yeye. Alicheka sana, kisha akakubali. Asubuhi ya Jumamosi moja nikaingia Jogoo Road.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba ile njia ya kando si njia. Hapa mama ametandaza nyanya, pale lori limeegeshwa likipakuliwa, mbele kidogo vijana wa pikipiki wamejipanga wakingoja wateja. Kila mara unalazimika kurudi kwenye lami. Nilipokuwa nyuma ya usukani wa gari nilidhani kwamba waendeshaji baiskeli huyumbayumba kwa ukaidi. Kumbe anakwepa shimo, au kifuniko cha mtaro kilichoibwa, au ule ukingo wa lami uliomeguka ambao kwa gari si kitu lakini kwa gurudumu jembamba ni jabali. Akiusogelea mno ataanguka, na ataanguka upande wa magari.

La pili ni upepo. Basi likikupita kwa kasi, upepo wake hukusukuma kwanza, halafu hukuvuta kuelekea kwenye ubavu wa basi lenyewe. Hili sikulijua kabisa. Kioo cha pembeni cha matatu moja kilipita karibu na kiwiko changu hivi kwamba nililihisi joto la injini mguuni. Nchini Ufaransa sheria inamtaka dereva aache nafasi ya mita moja anapoipita baiskeli mjini, na mita moja na nusu nje ya mji. Mita moja na nusu ni kama urefu wa mtoto wa darasa la sita akilala chini. Kama huna nafasi hiyo kwa sababu kuna gari linalokuja mbele yako, basi ngoja nyuma. Utapoteza sekunde kumi. Na kupiga honi mgongoni mwa mtu aliyebeba kilo hamsini hakumsaidii. Humshtua, na akishtuka hugeuza kichwa, na kichwa kikigeuka usukani nao hufuata.

La tatu ndilo lililonitisha zaidi: magari yanayopinda kushoto. Dereva hukupita, kisha mara tu anapokutangulia hukata kona mbele yako, utadhani ulitoweka alipoacha kukuona kwenye kioo. Malori ni hatari kupita kiasi. Dereva wake ameketi kulia, juu kabisa, na ubavu wa kushoto una sehemu asiyoiona hata akijitahidi. Isitoshe, lori linapopinda, magurudumu ya nyuma hukata kona kwa ndani zaidi ya yale ya mbele. Mwendeshaji baiskeli aliyejipenyeza hapo kando akingoja taa ziwe kijani anaweza kubanwa bila dereva kuhisi chochote. Kwa hivyo nawaambia ndugu zangu wa baiskeli bila kuficha: usisimame ubavuni mwa lori. Simama nyuma yake, au mbele kabisa ambapo dereva anakuona.

Maana sitaki mtu adhani kwamba lawama zote ni za wenye magari. Jioni hiyo hiyo nikiwa ndani ya gari langu niliwahesabu watu saba wa baiskeli kati ya Makadara na Donholm. Mmoja tu ndiye aliyekuwa na taa. Wawili walikuwa wakija upande usio wao, wakitazamana na magari. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, huihesabu baiskeli kuwa chombo cha barabarani kama vingine: iwe na breki zinazoshika, ipite kushoto, na usiku iwe na taa nyeupe mbele na kitu chekundu cha kuakisi mwanga nyuma. Zamani baiskeli ya babangu ilikuwa na dinamo iliyosuguana na tairi. Ukikanyaga pedali taa inawaka. Siku hizi kuna vitaa vidogo vya betri ambavyo bei yake haifiki ya kilo chache za nyama. Aliye na koti jeusi, baiskeli nyeusi, kwenye barabara isiyo na taa, asitegemee huruma ya dereva aliyemulikwa na taa kali za gari linalokuja.

Halafu kuna kasi. Mijini sheria yetu inaruhusu kilomita 50 kwa saa, nasi twajua ni wangapi huifuata saa moja ya usiku barabara ikifunguka. Gari likienda kilomita 80 kwa saa husafiri mita 22 kila sekunde moja. Dereva anayesoma ujumbe kwenye simu kwa sekunde tatu amekwenda mita 66 akiwa kipofu. Na kasi ikizidishwa mara mbili, nguvu ya kugonga huzidi mara nne. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani kote duniani mwaka wa 2021, na zaidi ya nusu walikuwa waendao kwa miguu, wenye baiskeli na wenye pikipiki. Hao ndio wasio na bati la kuwakinga.

Serikali nayo haijakaa tu. Barabara ya Thika, iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba 2012, ilijengwa ikiwa na njia za baiskeli, na mwaka wa 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera yake kuhusu usafiri usiotumia injini. Sera ni nzuri. Lakini njia ya baiskeli inayogeuzwa gulio na maegesho ni rangi tu iliyopakwa chini, na askari wa kaunti wanaojua kumfukuza mama mboga hawajulikani waliko lori linapoegeshwa hapo hapo.

Nami? Kuna mbinu moja ambayo Waholanzi hufundishana na ambayo sasa naifuata. Dereva wa Kenya huketi kulia, mlango wake ukifungukia barabarani. Badala ya kuufungua kwa mkono wa kulia, ulio karibu, ufungue kwa mkono wa kushoto. Mwili wote hulazimika kugeuka, na macho huangukia kioo kwanza, kisha barabara iliyo nyuma. Ni jambo la sekunde mbili. Mwanangu, ambaye huketi nyuma, nimemfundisha ateremkie upande wa kushoto na kwa mkono ulio mbali na mlango. Mara mbili amenikanya mimi niliposahau.

Mzee wa mkate alirudi kazini wiki ya nane. Bega lake bado humsumbua kukiwa na baridi, na sasa hubeba kreti moja badala ya mbili, jambo linalomaanisha safari mbili kwa malipo ya ile moja. Mwanawe amerudi kulala hadi saa kumi na moja kama wanafunzi wenzake. Juzi nilimkuta mzee pale pale penye kioski, nikamsalimia kupitia dirishani. Alisogea mbele ya gari, akaweka mguu chini, akanitazama.

"Fungua sasa, dada," akasema. "Nimepita."