Uhifadhi wa Fasihi Simulizi: Diski za Sauti ya Hali ya Juu na Kompyuta

Katika mada ya uhifadhi wa kazi za fasihi simulizi, watahiniwa wengi huandika sentensi ile ile: kazi ikihifadhiwa kwenye sidii au kompyuta haipotei. Hoja hiyo ni nusu tu. Diski inaweza kuwa nzima, haina hata mkwaruzo, na bado kompyuta ikashindwa kutoa sauti iliyomo ndani yake. Mtahiniwa anayejua sababu ana maelezo ya kuweka chini ya hoja yake, na alama hutolewa kwa maelezo.

Tuchukue mfano wa Upare. Mji wa Same upo kwenye tambarare kavu, kando ya barabara kuu, na juu yake kuna milima yenye vijiji kama Mbaga, Suji, Vudee na Chome. Huko milimani kuna ndiva, yaani mabwawa ya jadi ya kumwagilia mashamba, ambayo watu huyatunza kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Palipo na kazi ya pamoja hapakosi nyimbo za kazi. Nyimbo hizo, pamoja na masimulizi ya Chasu kuhusu koo na watawala, kwa muda mrefu zilikaa vichwani mwa watu. Profesa Isaria Kimambo alipoandika historia ya kisiasa ya Wapare, kitabu kilichochapishwa mwaka 1969, sehemu kubwa ya ushahidi wake ilitoka vinywani mwa wazee. Angechelewa miaka thelathini, wengi wa wazee hao asingewakuta.

Sasa chukulia kwamba klabu ya Kiswahili ya shule moja mjini Same imepanda mlimani kumrekodi bibi wa miaka tisini anayejua nyimbo za msaragambo. Pengine hawatapata nafasi ya kumrekodi tena. Wakirudi na sauti yake, waiweke wapi na kwa namna gani?

Sauti inavyogeuka namba

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Kipaza sauti hugeuza mtikisiko huo kuwa umeme, kisha kompyuta huupima umeme mara nyingi kwa kila sekunde na kuandika kila kipimo kama namba. Kipimo kimoja huitwa sampuli. Sidii ya muziki, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hutumia sampuli 44,100 kwa sekunde, na kila sampuli huandikwa kwa biti 16. Idadi hiyo ya sampuli ina sababu yake. Ili mtikisiko unaswe sawasawa ni lazima upimwe zaidi ya mara mbili kwa kila mzunguko, na sikio la kijana mwenye afya huishia kwenye mizunguko 20,000 hivi kwa sekunde, yaani hezi 20,000.

Diski za sauti ya hali ya juu huenda mbali zaidi. Diski ya aina ya DVD-Audio, iliyotoka mwaka 2000, inaweza kubeba sampuli 96,000 kwa sekunde, na hata zaidi, kwa biti 24. Biti 16 hutoa ngazi 65,536 za kupimia nguvu ya sauti. Biti 24 hutoa ngazi 16,777,216.

Hapa watu wengi hukosea. Hudhani kwamba sampuli nyingi zitawafanya wasikie vitu ambavyo sidii haikuwa navyo. Sikio halisikii juu ya hezi 20,000, na ya mzee huishia chini zaidi ya hapo. Kwa kusikiliza tu nyumbani, sidii iliyotengenezwa vizuri inatosha. Faida kubwa ya biti 24 iko siku ya kurekodi. Bibi ataanza kwa kunong'ona, kisha waitikiaji watapaza sauti pamoja na vigelegele. Fundi akiweka kinasa sauti chini ili vigelegele visipasuke, mnong'ono utaandikwa kwa ngazi chache na utasikika umefunikwa na mchakacho. Kwa biti 24 ngazi ni nyingi, kwa hiyo mnong'ono unaweza kupandishwa baadaye na maneno yakasikika. Ndiyo maana IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, kinapendekeza biti 24 na sampuli zisizopungua 48,000 kwa sekunde kwa kazi za kuhifadhi.

Hesabu ya nafasi

Zidisha sampuli kwa biti, kisha kwa njia mbili za sauti (kushoto na kulia), halafu gawanya kwa 8 kupata baiti.

Sidii: 44,100 × 16 × 2 ÷ 8 = baiti 176,400 kwa sekunde. Kwa dakika moja ni megabaiti 10.6 hivi.

Hali ya juu: 96,000 × 24 × 2 ÷ 8 = baiti 576,000 kwa sekunde. Kwa dakika moja ni megabaiti 34.6 hivi.

Dividii ya kawaida yenye gigabaiti 4.7 itabeba dakika 136 za sauti hiyo ya pili. Faili la MP3 la kilobiti 128 kwa sekunde hutumia chini ya megabaiti moja kwa dakika, lakini limepata wepesi huo kwa kutupa sehemu za sauti, na kilichotupwa hakirudi hata faili likinakiliwa kwenye diski ya gharama kubwa. MP3 inafaa kutumiana kwenye simu. Haifai kuwa nakala ya msingi.

Diski ipo, sauti haitoki

Kuna aina nyingine ya diski, SACD, iliyoletwa na Sony na Philips mwaka 1999. Nyingi zina matabaka mawili: la juu ya ubora wa SACD, na jingine la sidii ya kawaida. Ukiiweka kwenye kompyuta ya nyumbani, leza ya sidii hupenya tabaka la kwanza na kusoma la pili. Muziki unalia, mwenye nayo anafurahi, kumbe anasikiliza sidii. Ikiwa diski haina tabaka la sidii, kompyuta haitaona kitu, kwa kuwa visomaji vya diski vya kompyuta za kawaida havikutengenezwa kusoma SACD, na yaliyomo yamefungwa kwa msimbo.

DVD-Audio ina tatizo la namna yake. Kisomaji cha dividii huiona, na ndani kuna folda mbili, AUDIO_TS na VIDEO_TS. Sauti ya hali ya juu iko katika ya kwanza, mara nyingi ikiwa imefungwa kwa msimbo pia. Programu nyingi hufungua ya pili, ambamo kwa kawaida kuna sauti iliyobanwa. Hata programu ikifungua folda sahihi, safari haijaisha. Kadi ya sauti iwe na uwezo wa biti 24 na sampuli 96,000. Mipangilio ya sauti ya Windows iwekwe kwenye kiwango hicho, la sivyo kompyuta itapunguza sampuli bila kumwambia mtu. Na mwisho kuna spika. Spika ndogo za kompyuta mpakato haziwezi kuonyesha tofauti yoyote, hata ukipewa diski bora kuliko zote.

Kanda za sumaku zina hadithi ya kufanana. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi ngoma na nyimbo nyingi kwenye kanda hizo. Kanda huchakaa, lakini hata ile iliyo nzima inahitaji mashine ambayo ni adimu kuipata leo.

Kwa klabu yetu ya Same, basi, diski maalumu isingekuwa chaguo zuri. Warekodi kwa biti 24 na sampuli 48,000 au 96,000, wahifadhi katika faili la WAV au FLAC ambalo halijafungwa kwa msimbo na hufunguliwa na programu nyingi, kisha waweke nakala shuleni, kwa familia ya bibi na mahali pa tatu nje ya wilaya. FLAC hupunguza ukubwa wa faili bila kutupa chochote. Diski wakitaka kuchoma wachome, lakini wasiiache juani wala kwenye vumbi la tambarare, na kila baada ya miaka michache waifungue kuona kama bado inasomeka.

Kisichoingia kwenye faili

Fasihi simulizi ni utendaji. Faili la sauti, hata la biti 24, halina jembe linalopanda na kushuka, wala uso wa bibi anapomtania mvivu. Hadhira ya kinasa sauti haiwezi kuitikia wala kumkatiza fanani kwa swali, na wimbo ambao jana ungebadilishwa kumsema mtu mwingine sasa umeganda katika siku moja. Klabu ikichukua pia video na kuandika pembeni jina la fanani, mahali, tarehe, tukio na tafsiri ya maneno ya Chasu, pengo linapungua. Haliishi.

Maswali ya kujipima

1. "Kompyuta ni ghala salama la fasihi simulizi." Jadili kauli hii kwa hoja sita, tatu za kuunga mkono na tatu za kupinga, na kila hoja uipe mfano.

2. Wimbo wa kazi wa dakika 5 umerekodiwa kwa sampuli 48,000, biti 24 na njia mbili za sauti. Kokotoa ukubwa wa faili kwa megabaiti. (Jibu: 86.4)

3. Eleza kwa nini kunakili faili la MP3 kwenye diski ya hali ya juu hakuongezi ubora wa sauti.