Stakabadhi za Kale na Maneno ya Injili

Wapo wasomaji wengi, wakiwamo walimu wenzangu, wanaodhani kwamba lugha ya vitabu vitakatifu haijapata kuguswa na mikono ya makarani, wakopeshaji na mahakimu. Dhana hiyo si ngeni. Hadi mwishoni mwa karne ya 19, baadhi ya wataalamu wa Ulaya walishikilia kwamba Kiyunani cha Agano Jipya kilikuwa lugha ya pekee, iliyoumbwa mahsusi kwa kazi ya dini, maadamu hakikufanana na kile cha wanafalsafa wa Athens.

Kilichoivunja dhana hiyo ni takataka. Adolf Deissmann, msomi wa Ujerumani, alichapisha mwaka 1895 uchunguzi uliolinganisha maneno ya Biblia na yale yaliyomo katika karatasi za mafunjo zilizopatikana Misri. Mwaka uliofuata Waingereza wawili, Bernard Grenfell na Arthur Hunt, walianza kufukua majaa ya mji wa kale wa Oxyrhynchus. Mchanga mkavu ulikuwa umehifadhi maelfu ya vipande vya maandishi: stakabadhi, hati za madeni, mikataba ya ndoa, wosia, mashtaka na barua za watu wa kawaida. Ikadhihirika kwamba Mathayo, Luka na Paulo waliandika Kiyunani cha watu wote, kile kile kilichotumiwa sokoni na mahakamani.

Kwa nini jambo hili limhusu mwalimu wa leo? Kwa sababu neno hubeba harufu ya mahali lilikotoka, na asiyeijua harufu hiyo hupoteza nusu ya maana.

Tutazame mifano. Katika stakabadhi za kale, mtu aliyelipwa aliandika kitenzi *apecho*, yaani nimepokea yote, sidai tena. Kitenzi hicho ndicho kinachotumika katika sura ya 6 ya Injili ya Mathayo kuwahusu wanafiki wanaotoa sadaka ili wasifiwe na watu. Msikilizaji wa karne ya kwanza angeelewa mara moja kwamba hesabu imefungwa: mtu huyo amekwisha kulipwa sifa zake, na hana anachodai kwa Mungu.

Mfano wa pili unatugusa sisi wazungumzaji wa Kiswahili. Paulo asema Roho ametolewa kuwa *arrabon*. Katika mikataba ya mauzo, hayo yalikuwa malipo ya kwanza yanayomfunga mnunuzi kumaliza deni. Asili ya neno ni ya Kisemiti, na Wayunani waliliazima kwa njia ya biashara. Sisi nasi tulilipata kwa Waarabu, tukaliita arabuni, na wafasiri wa Biblia ya Kiswahili wakalitumia papo hapo. Ni nadra mfasiri kubahatika hivyo, kulikuta neno lile lile likingali hai sokoni mwake!

Tatu, ipo barua fupi kwa Filemoni. Paulo anamwombea mtumwa Onesimo, kisha anaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa lolote linalodaiwa. Wengi husoma maneno hayo kama adabu tu. Anayezijua hati za madeni huona kwamba Paulo ameandika ahadi inayofuata desturi ya kisheria: jina la mdhamini, mkono wake na kitenzi cha kulipa.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa mjane mmoja. Katika miaka ya 1960 na 1961, Yigael Yadin na wenzake walichunguza pango lililo karibu na Bahari ya Chumvi, na humo wakapata hati 35 za mwanamke Myahudi aitwaye Babatha. Nyingine ziliandikwa kwa Kiyunani, nyingine kwa Kiaramu na Kinabatea. Mumewe wa kwanza alipofariki, mtoto wao aliwekewa walezi wawili wa kusimamia mali yake. Kutokana na mali hiyo mtoto alipewa dinari mbili kwa mwezi. Mwaka 125 Babatha aliwashtaki walezi hao, akisema kiasi hicho hakitoshi. Kwa kuwa hakujua kuandika, mtu mwingine aliandika kwa niaba yake. Stakabadhi ya mwaka 132 yaonyesha amepokea dinari sita kwa miezi mitatu. Hesabu ni nyepesi: miaka saba baadaye, yatima yule alikuwa angali akipata dinari mbili.

Sasa fungua Injili. Katika mfano wa shamba la mizabibu, dinari moja ni ujira wa kibarua kwa siku. Msamaria mwema alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili amtunze majeruhi kwa muda. Naye Luka, katika sura ya 18, asimulia habari za mjane amwendeaye kadhi mara kwa mara akidai haki. Babatha aliishi baada ya Yesu, wala sidai kwamba ndiye anayesimuliwa. Lakini hati zake zatuonyesha ilikuwaje kwa mjane kusimama mbele ya mahakama za dola ya Rumi, na kwa nini wasikilizaji hawakuhitaji kuelezwa uchungu wa mwanamke yule.

Hata hivyo, tahadhari yahitajika. Neno *diatheke* katika hati za Misri ni wosia wa mtu anayejiandaa kufa. Katika tafsiri ya Kiyunani ya maandiko ya Kiebrania, neno hilo hilo ni agano kati ya Mungu na watu wake. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 9, anazitumia maana zote mbili. Anayesoma mafunjo peke yake atapotoka, na anayeyapuuza atapotoka vile vile.

Katika shule zetu, mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Elimu ya Dini aghalabu hawakutani ila wakati wa chai. Nashauri wakutane darasani. Wanafunzi walete hati ya mauzo ya shamba, stakabadhi na barua ya mdhamini, wachunguze maneno yake, kisha wasome nyaraka za Paulo. Wenzetu wa pwani, ambako mikataba na wosia viliandikwa kwa herufi za Kiarabu, wasiziache karatasi za babu zao ziliwe na mchwa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nasi tujue kwamba daftari la mtu mnyonge laweza kudumu kuliko mali ya tajiri, na siku moja likawafumbua macho wasomi.