Msichana wa Loresho na Kombe la Wimbledon

Kaeni vizuri, watoto wangu, maana safari ya leo ni ndefu. Tunaondoka Nairobi, tunapita Bujumbura na Casablanca, tunavuka bahari hadi London, kisha tunaendelea mpaka Alabama, Marekani. Anayetutangulia ni Angella Okutoyi, mchezaji wa tenisi wa Kenya, na yote nitakayowaeleza yametokea kweli.

Angella alizaliwa Nairobi mwezi Januari 2004, yeye na dada yake pacha. Mama yao alifariki wakati wa kujifungua. Ni habari nzito, nami sitaki kuipita mbio, kwa sababu najua baadhi yenu mnaosoma hapa mmelelewa na shangazi, na mjomba au na nyanya baada ya mzazi kuondoka. Mapacha hawa walichukuliwa na nyanya yao. Alikuwa mfanyakazi wa usafi katika Shule ya Msingi ya Loresho, upande wa magharibi wa jiji. Nyanya huyo aliamka kila siku, akafagia madarasa ya watoto wa watu, akarudi kuwalisha wajukuu wake. Raketi moja nzuri ya tenisi inaweza kugharimu zaidi ya mshahara wa mwezi mzima wa mtu wa kazi hiyo.

Tenisi ilimpataje mtoto wa nyumba kama hiyo? Ilimkuta shuleni. Pale pale nyanya alipofanya kazi palikuwa na mafunzo ya tenisi kwa watoto, na Angella akashika raketi akiwa bado mdogo sana. Nawaomba msilisahau jambo hili tunapoendelea. Lau mchezo ule ungekuwa umefungiwa nyuma ya geti la klabu, penye askari na kadi za uanachama, huenda Kenya isingemjua msichana huyu hata leo.

Baada ya Nairobi, Bujumbura. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, likishirikiana na lile la Afrika, lilikuwa na kituo huko Burundi cha kulea vipaji vya ukanda wetu. Angella alipelekwa huko akiwa mtoto. Baadaye akapelekwa mbali zaidi, Casablanca nchini Morocco, katika kituo cha vijana walioonekana kuwa hodari kuliko wenzao barani. Hebu jiweke mahali pake: una umri wa shule, unalala nchi ya wageni, unasikia lugha nyingine, na nyanya unamsikia kwenye simu tu.

Kwa nini mtoto ahangaike hivyo? Tenisi haifanani na kandanda. Mchezaji wa kandanda akishasajiliwa, timu humlipia basi, chakula na kocha. Mchezaji wa tenisi hujitafutia mwenyewe. Duniani kuna orodha ya ubora, na jina lako hupanda kwa pointi unazokusanya katika mashindano ya nchi mbalimbali. Bila pointi huingii mashindano makubwa. Bila nauli hufiki kwenye pointi. Mtoto wa Ufaransa au Uhispania anaweza kupanda treni asubuhi akashindana mji wa jirani. Wa Nairobi anahitaji ndege, viza, hoteli na mtu mzima wa kumsindikiza. Angella alisaidiwa na mfuko wa mashindano makubwa manne ya dunia, yaani yale yanayoitwa Grand Slam, ambao huwagharamia vijana wa nchi zisizo na fedha za tenisi. Kipaji chake ni chake mwenyewe. Tiketi alikatiwa na watu walioamua kwamba anastahili.

Mwaka 2021 alitwaa ubingwa wa vijana wa Afrika nchini Tunisia. Januari 2022 akafika Melbourne kwa mashindano ya vijana ya Australian Open. Raundi ya kwanza alimtoa Federica Urgesi wa Italia kwa seti tatu, akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi katika Grand Slam ya vijana. Raundi ya pili alimtoa Zara Larke, Mwaustralia aliyekuwa akicheza kwao. Akasimamishwa raundi ya tatu.

Mwaka huo wa 2022 ulikuwa na uzito wa pekee. Mashindano ya vijana humruhusu mchezaji hadi mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 18. Angella, aliyezaliwa 2004, alikuwa kwenye nafasi yake ya mwisho. Alichokikosa mwaka huo asingekipata tena.

Basi tufike London, mwezi Julai. Wimbledon ndiyo mashindano ya tenisi ya zamani kuliko yote, yalianza 1877. Wachezaji huvaa nyeupe, na uwanja ni wa nyasi. Nyasi si pambo. Mpira ukigonga udongo huinuka, ukakupa muda wa kujipanga. Ukigonga nyasi huteleza na kubaki chini, umeshakufikia kabla hujakunja magoti. Viwanja vya aina hiyo ni adimu dunia nzima, kwa hiyo vijana wengi hufika Wimbledon wakiwa hawajavizoea.

Angella aliingia mchezo wa wawili wawili akiwa na Rose Marie Nijkamp, msichana wa Uholanzi. Mechi baada ya mechi walisonga mbele mpaka fainali, wakakutana na Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Matokeo yalikuwa 3-6, 6-4, 11-9. Sasa chukueni kalamu, maana namba hizi zinasimulia mechi nzima hata kwa mtu ambaye hakuiona.

Katika tenisi, pointi huhesabiwa 15, 30, 40, na inayofuata inakupa gemu moja. Ukifikisha gemu 6, nawe umemwacha mpinzani kwa gemu 2 au zaidi, umechukua seti. Seti ya kwanza Angella na Rose Marie walipata gemu 3 tu, wenzao 6. Wameshindwa. Seti ya pili wakapata 6 dhidi ya 4. Sawa kwa sawa. Jumlisheni gemu zote: wasichana wetu 3 na 6 ni 9, Wakanada 6 na 4 ni 10. Hadi hapo Wakanada walikuwa wameshinda gemu nyingi zaidi!

Katika wawili wawili wa vijana, seti zikiwa moja kwa moja hakuna seti ndefu ya tatu. Huchezwa mchezo wa kuamua, pointi moja moja, na wa kwanza kufikisha 10 ndiye mshindi, mradi amwache mwenzake kwa 2. Tazameni ile 11-9. Ili ifike 11, lazima iwe ilikuwa 10-9. Na kabla ya 10-9? Ingekuwa 10-8, mechi ingekuwa imekwisha, kwa sababu tofauti ni 2. Basi haikuwa na njia nyingine ila 9-9. Wasichana wanne, umri wa sekondari, wamesimama kwenye nyasi za Wimbledon, 9 kwa 9, na yeyote atakayepata pointi mbili mfululizo anabeba kombe. Angella na Rose Marie wakazipata.

Hivyo ndivyo Angella Okutoyi alivyokuwa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam la vijana. Wimbledon hiyo hiyo, upande wa wakubwa, Ons Jabeur wa Tunisia alifika fainali ya wanawake. Yalikuwa majuma mawili mema kwa Afrika.

Na wale walioshindwa? Napenda kuwaeleza, kwa sababu watoto wengi hudhani aliyepoteza fainali amekwisha. Victoria Mboko ni binti wa wazazi waliohama kutoka Kongo. Agosti 2025, akiwa na miaka 18, alishinda mashindano makubwa ya Kanada mjini Montreal. Alianza akiwa wa 85 duniani, akawatoa wachezaji mashuhuri Coco Gauff na Elena Rybakina, na fainali akamshinda mwingine mashuhuri, Naomi Osaka, baada ya kupoteza seti ya kwanza. Huyo ndiye aliyekuwa ng'ambo ya wavu siku ile ya 11-9.

Njia ya Angella baada ya London imekuwa ngumu zaidi, nami sitawaficha. Sifa za vijana hazihamii kwenye orodha ya wakubwa. Huko mtu huanza chini kabisa, akishindana na wanawake waliokomaa. Yeye alichagua kwenda Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, alikosoma huku akiichezea timu ya chuo. Naona aliamua vyema. Vyuo vya Marekani humpa mchezaji kocha, viwanja na mechi za kila wiki, na mwili ukiumia, shahada inabaki.

Machi 2024 alirudi Afrika kwa Michezo ya Afrika mjini Accra, Ghana, akatwaa dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja kwa kumshinda Mmisri Lamis Alhussein Abdel Aziz katika fainali. Watu humsifu zaidi kwa Wimbledon, lakini kwangu dhahabu hii haina upungufu wowote mbele ya kombe lile. Accra alicheza peke yake, hakuna mwenza wa kumsaidia, na wapinzani walikuwa watu wazima. Ushindi huo ulimfungulia mlango wa Olimpiki ya Paris, ila kwa sharti: awe ndani ya wachezaji 400 bora duniani. Hakufikia. Paris ikafanyika bila yeye. Sasa mnaelewa kwa nini niliwaeleza habari za pointi na nauli: mtu anaweza kuwa bingwa wa bara zima na bado akakosa safari kwa sababu hakucheza mashindano ya kutosha ya kumpandisha.

Wasomaji wangu, tenisi hawezi kuichukia au kuipenda mtoto ambaye hajawahi kuigusa. Ikiwa shule yenu au mtaa wenu una uwanja, nendeni mkamwulize mwalimu wa michezo ni siku gani watoto wanaruhusiwa kuingia. Nanyi wazazi, walimu wakuu na viongozi wa klabu mnaowasomea watoto habari hii, watazameni wana wa wapishi, wa mabawabu na wa wafagizi walio karibu na viwanja vyenu. Wapeni raketi za kuazima na saa moja ya jioni kila juma.