Mkubwa Aliyebaki Nyumbani

Mtoto njiti akilazwa, ukoo mzima hugeuza macho hospitali: amekunywa maziwa kiasi gani, uzito umepanda? Kifungua mimba wa miaka minne, aliyeachwa kwa bibi, huulizwa tu kama ameshakula. Kumbe ameanza tena kukojoa kitandani, hataki taa izimwe, na akimuulizia mama anaambiwa kaenda sokoni. Soko gani hilo la wiki tatu?

Umri huo una hatari yake. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alieleza kuwa mtoto wa miaka miwili hadi saba huyaona mambo yote kwa upande wake tu. Asipopewa sababu, hujitungia. Kama mimba ilipokuwa kubwa aliwahi kusema "simtaki huyo mdogo", leo anaweza kuamini kauli yake ndiyo iliyomuumiza, na hatamwambia mtu. Basi aelezwe kabla hajauliza: mdogo wako amezaliwa kabla ya siku zake, mapafu hayajakomaa, mashine inamsaidia kupumua, si kosa lako wala la mtu yeyote. Aonyeshwe picha kwenye simu, aambiwe ule mrija wa puani unapitisha maziwa. Asiahidiwe siku ya kurudi ambayo daktari mwenyewe hajaitaja.

Kinachomuuma zaidi ni kumkosa mama, na mama ana sababu ya kubaki wodini. Mwaka 2021, utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania ulionyesha kuwa kuwaweka watoto wenye uzito mdogo kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu wanapozaliwa, bila kusubiri hali itulie, kunapunguza vifo kwa robo katika siku 28 za mwanzo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza mtoto akae kifuani saa 8 hadi 24 kwa siku. Naiunga mkono huduma hii, iitwayo ya kangaruu, kwa moyo wote, lakini saa hizo anazidai pia yule wa nyumbani. Habari njema ni kwamba kifua cha baba, bibi au shangazi nacho kinafaa. Baba akivua shati na kushika zamu, mama anapata jioni ya kumwogesha mkubwa na kulala naye.

Wodi nyingi haziruhusu watoto kuingia, na mwenye mafua kweli asiingie. Hata hivyo, njia ya kumshirikisha mkubwa haikosekani. Mchoro wake ubandikwe nje ya inkubeta. Kofia ya sufu achague rangi yeye, na mdogo mtu akishavishwa, picha itumwe nyumbani siku hiyohiyo.