Ala ya Muziki Isiyoguswa

Ukipiga ngoma, kiwambo chake hutetemeka. Ukisugua uzi wa zeze kwa upinde wake mdogo, uzi hutetemeka, na kibuyu huikuza sauti yake. Ukipuliza baragumu, hewa iliyomo ndani hutetemeka. Katika karne ya 19 wapagazi wa Unyamwezi, nchi ambamo kijiji cha Puge kimo, walitembea miezi mingi kwenda pwani na kurudi. Mbele yao alitangulia kirangozi, na ngoma na mabaragumu yalitangaza safari. Ala zote hizo zilihitaji mkono au mdomo wa mtu kuzigusa.

Ipo ala moja ambayo mpigaji wake haigusi kabisa. Inaitwa theremini. Ni sanduku lenye antena mbili: moja imesimama wima upande wa kulia, na nyingine imepindwa kama kitanzi upande wa kushoto. Mpigaji husimama mbele yake na kuchezesha mikono hewani. Akisogeza mkono wa kulia karibu na antena ya wima, sauti huwa nyembamba. Akiuondoa, sauti huwa nene. Akishusha mkono wa kushoto karibu na kitanzi, sauti hufifia hata ikanyamaza. Mtu asiyejua sayansi angeweza kudhani huo ni uganga. Hebu tuone jinsi jambo hilo linavyotokea.

Kwanza ni lazima tujue kazi ya mkono. Vitu viwili vinavyopitisha umeme vikikaribiana bila kugusana, huweza kuhifadhi chaji ya umeme. Kifaa cha namna hiyo huitwa kapasita. Kadiri vitu hivyo vinavyokaribiana, ndivyo vinavyohifadhi chaji nyingi zaidi. Mwili wako una maji na chumvi, kwa hiyo hupitisha umeme. Basi mkono wako na antena, pamoja na hewa iliyo kati yao, ni kapasita. Huhisi lolote, kwa sababu chaji hiyo ni ndogo mno.

Ndani ya sanduku mna saketi mbili ambazo umeme wake hutetemeka, yaani huenda na kurudi upesi sana. Tuseme kila moja hutetemeka mara 300,000 kwa sekunde. Sikio la mtu husikia mitetemo ya hewa kuanzia 20 hadi 20,000 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo, hata kama mitetemo hiyo ya umeme ingegeuzwa kuwa mitetemo ya hewa, tusingeisikia. Sauti inatoka wapi basi?

Fikiri juu ya watoto wawili, Kulwa na Doto, wenye ngoma mbili. Kulwa anapiga mara 60 kwa dakika, na Doto mara 62. Wanaanza pamoja. Kidogo kidogo Doto anamtangulia mwenzake, mpaka pigo lake linaangukia katikati ya mapigo ya Kulwa. Baada ya nusu dakika mapigo yao yanakutana tena. Kwa dakika moja yanakutana mara 2, na 62 kutoa 60 ni 2. Jaribuni jambo hili darasani kwa kupiga makofi. Si rahisi kushika mwendo wako huku mwenzako anakwenda mwendo mwingine, lakini mkifaulu mtasikia wazi jinsi mapigo yanavyoachana na kukutana.

Saketi za theremini hufanya vivyo hivyo. Saketi ya kwanza haibadiliki. Saketi ya pili imeungwa na antena ya wima. Mkono ukikaribia, chaji inayohifadhiwa huongezeka, na mitetemo ya saketi hiyo hupungua. Ikishuka kutoka 300,000 hadi 299,560, tofauti ya saketi hizo mbili ni 440. Tofauti hiyo hukuzwa na kupelekwa kwenye spika, nasi husikia sauti ya mitetemo 440 kwa sekunde. Mkono ukisogea karibu zaidi, tofauti huongezeka na sauti huzidi kuwa nyembamba. Mkono ukiwa mbali, saketi hulingana, na ala hunyamaza.

Aliyeitengeneza ni Lev Termen, Mrusi aliyezaliwa mwaka 1896. Mwaka 1920 alikuwa akiunda chombo cha kupimia tabia za gesi. Akagundua kwamba mlio wake ulibadilika kila aliposogeza mkono. Kwa kuwa alijua kupiga sello, mara moja aliutafutia wimbo mlio huo. Mwaka 1928 alipewa hataza nchini Marekani. Alirudi kwao mwaka 1938, akakamatwa mwaka uliofuata na kufungwa. Huko Marekani Clara Rockmore, aliyekuwa mpiga fidla, aliendelea kuipiga ala hiyo kwa ufundi mkubwa. Usidhani ni kazi nyepesi: hewani hakuna alama ya kuonyesha mahali pa kuweka kidole, na hata kutikisa kichwa huweza kuharibu sauti.

Jaribio: Tafuteni redio mbili ndogo za betri zenye masafa ya kati. Usiku, tafuta kwenye redio ya kwanza stesheni ya mbali iliyo juu ya namba 1,000. Weka redio ya pili kando yake, nayo iwe kwenye namba iliyo chini ya ile kwa 455 hivi. Geuza kitasa cha redio ya pili polepole sana. Redio ya pili ina saketi yake inayotetemesha umeme. Mitetemo hiyo ikikaribia ile ya stesheni, utasikia mluzi katika redio ya kwanza. Usitumie redio iliyochomekwa kwenye umeme wa nyumba, wala usifungue redio yoyote: umeme wa nyumba huua.

Kitasa unachogeuza huendesha kapasita iliyomo ndani ya redio. Je, katika theremini ni kitu gani hufanya kazi ya kitasa hicho? Na mluzi ukinyamaza kati ya sauti mbili nene, mitetemo inayokutana ina tofauti gani wakati huo?