Kwa nini mwili husisimka ukikaribia Daraja la Nithi?

Saa kumi na mbili asubuhi, stejini Meru, mwezi wa Julai. Baridi ya Mlima Kenya haina huruma. Kunja mkono wa sweta uone: ngozi imekuwa kama ya kuku aliyenyonyolewa, malaika yote ya mkono yamesimama wima.

Iko hivi. Kwenye shina la kila kinywele kuna msuli mdogo sana. Ukihisi baridi, ubongo hutuma ujumbe kupitia neva, msuli unajikaza, kinywele kinasimama na ngozi inatoa kipele. Hauamui wewe. Kwa mnyama mwenye manyoya mengi, hapo joto hunaswa karibu na ngozi. Sisi manyoya tulishayapoteza kitambo, lakini misuli ilibaki.

Sasa panda matatu ya Embu. Hadi Nkubu ni stori na vicheko. Mkipita Chogoria, barabara inaanza kuteremka kuelekea Daraja la Nithi na gari zima linanyamaza. Kila mtu anakumbuka Julai 24, 2022, basi lililotoka Meru likielekea Mombasa lilipotumbukia pale na kuua zaidi ya watu 30.

Hapo nasisimka hata kama jua linawaka. Hofu hutumia neva zilezile za baridi, na adrenalini inamwagika kwenye damu. Charles Darwin aliliandikia jambo hili katika kitabu chake cha 1872: mnyama akitishwa, manyoya husimama aonekane mkubwa kuliko alivyo. Umeona paka akikutana na mbwa? Ndiyo hiyo. Tofauti ni kwamba paka anamtisha mbwa kweli, wewe unabaki na vipele tu.

Mkivuka salama, dere anaongeza sauti ya redio. Kwaya inapandisha sauti ghafla na mwili unasisimka tena, safari hii kwa raha. Mwaka wa 2011 watafiti wa Montreal, Canada, walionyesha kuwa wakati huo ubongo humwaga dopamini, kemikali ileile ya kufurahia chakula kitamu. Si kila mtu humpata hivyo muziki, kwa hivyo usimcheke beshte yako asiyehisi kitu.

Lakini turudi Nithi. Safari yangu ya mwisho, dere alishuka ule mteremko kama anafukuzwa. Mikono yangu ilijaa vipele, mdomo nikaufunga. Sote tulinyamaza, mpaka mama mmoja wa kiti cha nyuma akasema, "Dereva, mwanangu, punguza mwendo. Tuko na watoto huku." Ndipo wengine wakapata sauti, na dere akapunguza.

Vipele ni kengele ya zamani sana, ya enzi za kukimbia chui. Kengele inalia vizuri, ila haishiki breki. Siku nyingine malaika yakisimama kwenye mteremko ule, usingoje mama wa kiti cha nyuma. Sema.